Jinsi ya kuupoza mwili kabla ya kukimbia kwenye joto la Kisumu

Mkimbiaji anayeshuka kutoka Iten au Kapsabet kuja kushindana Kisumu huja na matumaini makubwa, na ana haki. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, ni mita 1,130 tu. Hewa ya huku chini ina oksijeni zaidi, kwa hiyo pumzi haimsumbui. Halafu akifika kilomita ya nne au ya tano kwenye barabara ya Kibos, miguu inakuwa mizito, kichwa kinagonga, na vijana wa Nyalenda na Manyatta aliokuwa amewaacha mbali wanampita mmoja baada ya mwingine. Mazoezi anayo. Kilichomshika ni joto, na sehemu ya joto hilo alilibeba mwenyewe hadi kwenye mstari wa kuanzia, maana alipasha misuli nusu saa nzima juani akiwa na jaketi analovaa kwao alfajiri.

Wanaokimbia kwenye miji ya joto wamejifunza kufanya kinyume: kuupoza mwili kwanza, ndipo waanze. Kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, marathoni ya wanawake ilianza jioni kukiwa na joto la nyuzi 35 hivi. Deena Kastor wa Marekani alikaa na kizibao cha barafu kabla ya mbio, akaanza polepole, akamaliza wa tatu nyuma ya Mizuki Noguchi wa Japani na Catherine Ndereba wetu. Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake kwenye mashindano ya dunia ilisogezwa hadi karibu na usiku wa manane, na bado joto lilizidi nyuzi 30 na hewa ilikuwa imejaa unyevu. Kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43, yeye ambaye miezi minane kabla ya hapo alikuwa amekimbia 2:17:08 kule Dubai. Hiyo ndiyo gharama ya joto hata kwa bingwa.

Hapa kwetu huhitaji kizibao cha kuagizwa ng'ambo. Karibu kila kitu nitakachokitaja kiko jikoni kwako au kinapatikana soko la Kibuye.

Kwa nini inasaidia

Unapokimbia, kiasi cha robo tu ya nguvu unayotumia ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Iliyobaki yote ni joto. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita moja huzalisha joto ambalo, kama lisingepata pa kutokea, lingepandisha mwili wake karibu nyuzi nzima. Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwa jasho, lakini si kila jasho. Jasho linalokauka juu ya ngozi ndilo linalopoza. Linalodondoka chini ni maji na chumvi vilivyopotea bure.

Hapo ndipo Kisumu inapokuwa ngumu kuliko Lodwar, ambako jua ni kali zaidi lakini hewa ni kavu. Ziwa liko hapo hapo, na asubuhi hasa, hewa huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba fulana inalowa hadi unaweza kuikamua, na bado mwili haupoi. Joto lisilopata njia linajikusanya ndani. Mwili uliokuwa na nyuzi 37 unapanda hadi 38, 39, na ukikaribia 40 ubongo wenyewe unaipunguza miguu kasi, utake usitake.

Sasa fikiria wakimbiaji wawili. Mmoja amepasha misuli kupita kiasi, anaanza mbio akiwa na nyuzi 38. Mwingine amejipoza, anaanza na 36.8. Huyu wa pili ana nafasi ya zaidi ya nyuzi moja kabla hajafika pale ambapo mwili unakataa. Kujipoza hakukupi zaidi ya hiyo nafasi, nayo haidumu: kwa kawaida dakika 20 hadi 30 za mbio huwa zimeimaliza. Lakini dakika hizo huja mwanzoni, pale ambapo mkimbiaji wa mbio za kilomita 10 huweza kuiharibu siku yake yote.

Kwa hiyo njia hii inawafaa wanaokimbia mita 5,000 na kwenda juu, siku ambayo joto limepita nyuzi 26 au 27, na zaidi sana Januari hadi Machi wakati mji huu unachoma. Wa mita 100, 200 na 400 waachane nayo. Wao wanahitaji misuli yenye moto, na msuli uliopoa hauna nguvu ya kuchomoka kutoka kwenye vibao vya kuanzia mbio. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, mara nyingi kofia iliyolowa na kivuli kabla ya mbio vinatosha.

Wasiofaa kujaribu

Nalisema hili mapema kwa sababu eneo letu lina mambo yake. Mtu mwenye selimundu asitumbukize mwili kwenye maji ya barafu wala asimeze barafu nyingi kwa ajili ya mbio; baridi ya ghafla ni mojawapo ya vitu vinavyomwamshia maumivu makali. Ugonjwa huo upo katika familia nyingi za upande huu wa nchi, na wapo vijana ambao hawajawahi kupimwa, kwa hiyo kocha aulize wazazi. Mwenye ugonjwa wa moyo, au pumu inayochochewa na baridi, azungumze na daktari wake kwanza. Na aliyekuwa na homa juzi, iwe malaria au nyingine, asikimbie kabisa kwenye joto. Barafu haiondoi homa, inaificha tu kwa muda.

Swali ambalo huulizwa sana na wazazi ni la nimonia. Mama mmoja wa Manyatta alinijia uwanjani akiwa amemshika binti yake mkono. "Mwalimu, huyu mtoto ana jasho na wewe unamfunika taulo la barafu. Si kifua kitamshika?" Nikamwambia, "Hapana mama, nimonia huletwa na vijidudu, si taulo. Nitakachokiangalia mimi ni asitetemeke. Akianza kutetemeka, taulo linatoka." Akaketi pembeni akaangalia hadi mwisho. Mzazi akiuliza hivyo asijibiwe kwa haraka. Ana haki ya kujua mtoto wake anafanyiwa nini.

Hatua ya kwanza: andaa barafu ya kumeza

Kama utafanya jambo moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, fanya hili. Barafu ikiyeyuka hunyonya joto jingi ajabu. Gramu moja ya barafu huhitaji jouli 334 ili iyeyuke tu, ikiwa bado haijapanda hata nyuzi moja. Kisha maji yake huhitaji jouli nyingine 155 kupanda kutoka nyuzi 0 hadi 37. Maji baridi kutoka kwenye friji hayana ile sehemu ya kwanza, ambayo ndiyo kubwa. Gramu kwa gramu, barafu inayoyeyukia tumboni inachukua joto zaidi ya mara tatu ya maji baridi. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2010 uliwapa vijana kumi kinywaji cha barafu iliyosagwa kabla ya kukimbia kwenye chumba cha nyuzi 34. Walidumu dakika 50 kwa wastani. Walipokunywa maji baridi kiasi kile kile, walidumu dakika 41.

Kinachotakiwa ni uji wa barafu, yaani barafu iliyosagika laini na kuchanganyika na kinywaji, unaoweza kumezwa bila kutafuna. Vipande vikubwa havifai. Vinakaa mdomoni, vinaumiza meno, na vinayeyuka kabla havijafika tumboni.

Chemsha lita moja ya maji. Tia vijiko vikubwa vinne vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi, koroga, kisha kamulia ndimu. Yakipoa kabisa yamimine kwenye chupa ya lita moja na nusu, na uache nafasi juu maana maji yakiganda hutanuka. Weka chupa kwenye friza jioni. Baada ya saa mbili hivi anza kuitikisa kila nusu saa. Sukari huyazuia maji yasigande haraka kuwa jiwe moja, kwa hiyo ukitikisa utaona chenga zinaanza kuelea, kisha zinaongezeka hadi chupa nzima inakuwa nzito na inatoa sauti ya mchanga uliolowa. Hapo ndipo penyewe. Kama umelala na ikaganda yote, itoe mapema asubuhi, iache nje kidogo, igonge kwa mchi pande zote, ongeza maji baridi nusu kikombe, tikisa tena.

Usiye na friza, nunua barafu kwa mtu ambaye unajua anatumia maji gani. Ifunge kwenye kitambaa safi, iponde kwa mchi hadi vipande visizidi punje ya mchele, kisha changanya nusu barafu na nusu kinywaji chako kilichopoa. Mwenye blenda ana raha zaidi, ilimradi stima isipotee.

Sasa kuhusu usafi, na hapa sitaki mzaha. Kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu, na kanda hii ya ziwa imeuguzwa na kipindupindu mara nyingi. Maji ya barafu yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kabla ya kugandishwa, si baada. Na ile barafu wanayouziana wavuvi na wauza samaki pale Dunga isiingie mdomoni hata kidogo. Ni barafu nzuri ya kupoza beseni na taulo, na ni rahisi kuipata, lakini imetengenezwa kwa ajili ya samaki na imeguswa na mikono mingi. Weka ya kumeza na ya kupaka kwenye vyombo viwili vya rangi tofauti ili msaidizi wako asichanganye kwenye haraka ya asubuhi.

Kipimo ni gramu 7 hivi kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 50 atachukua gramu 350, wa kilo 60 gramu 420, yaani kikombe kikubwa cha chai kimoja na nusu. Uumeze kidogo kidogo ndani ya dakika 20 hadi 30. Ukiugugumia kwa pupa paji la uso litauma kwa ghafla na tumbo litajikunja. Wapo wachache ambao tumbo lao linakataa kabisa, na mtu ajijue kwenye mazoezi, si siku ya mashindano.

Kuusafirisha uji huu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Thamosi ya chai huzuia joto lisiingie kama inavyolizuia lisitoke. Ioshe vizuri isibaki harufu ya chai, itie maji ya barafu dakika tano, yamwage, kisha jaza uji. Yenye mdomo mpana ni bora, maana hii nyembamba huziba na utabaki ukiitikisa mbele ya watu huku kipenga kinalia.

Hatua ya pili: taulo na leso

Beba ndoo yenye kifuniko, nusu maji nusu barafu, na mataulo mawili au leso mbili za pamba. Za nailoni hazishiki maji. Keti kivulini, vua fulana kama unaweza, chovya kitambaa, kikamue kidogo tu, kisha kifunike kichwa, shingo, kifua na mgongo. Usifunike mapaja. Hiyo ndiyo misuli inayokwenda kufanya kazi.

Kosa ninaloliona kila mara ni kukiacha kitambaa kimoja kikae dakika kumi. Baada ya dakika mbili au tatu tayari kimechukua joto la ngozi na hakina kazi tena. Kigeuze, kichovye, kirudishe. Ndiyo maana nasema viwe viwili: kimoja mwilini, kingine ndooni. Msaidizi akiwa anayabadilisha, wewe kaa ukimeza uji wako. Baridi ya ndani na ya nje zikifanywa pamoja hushinda yoyote iliyofanywa peke yake.

Ndoo ikae kivulini ndani ya gunia lililokunjwa au blanketi kuukuu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 2017, kwa hiyo anayeshauriwa mtandaoni ajaze barafu kwenye mifuko ya plastiki na ashikilie mwilini atumie chupa za soda za nusu lita: zijaze maji, zigandishe usiku, zitumbukize kwenye ndoo. Zinadumisha baridi muda mrefu kuliko vipande vilivyotupwa majini, na kesho yake unazigandisha tena.

Hatua ya tatu: mikono ndani ya beseni

Hii ni ya wale ambao hawapendi kufunikwa, au wasiokuwa na pa kuvulia nguo. Tia maji baridi na barafu kidogo kwenye beseni au karai, tumbukiza mikono hadi viwiko, dakika 10 hadi 15. Viganja vina mishipa mingi ya damu karibu na ngozi, na damu inayopita pale inarudi ndani ikiwa imepoa. Maji yasiwe makali kiasi cha kufanya vidole vife ganzi. Yakizidi ukali mishipa hujikaza na damu haipiti, basi unaumia bure. Yakupe baridi ya kuvuta pumzi, siyo ya kusaga meno.

Kuhusu kuzama mwili mzima: mwenye pipa au bafu la kutosha anaweza kukaa kwenye maji ya nyuzi 22 hadi 24 dakika 15 au 20, na kwa kweli ndiyo njia inayopoza sana. Lakini si kazi ya kufanyia uwanjani Mamboleo, na miguu nayo hupoa, hivyo itabidi kuipasha tena. Mimi naona taabu yake inazidi faida kwa wakimbiaji wengi.

Ziwa lenyewe ni kishawishi, hasa kwa wageni. Wanaliona pale, maji bwerere, wanataka kuingia hadi kifuani kabla ya mbio. Wasiingie. Kwenye maji ya ukingoni, penye nyasi na magugu, wapo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Kuna viboko pia.

Hatua ya nne: soksi ya barafu

Chukua soksi ndefu safi, au mguu wa stokingi uliokatwa, ujaze barafu iliyopondwa, funga fundo, uizungushe shingoni kama mtandio. Unaweza kutembea nayo, kupasha misuli nayo, na kusimama nayo kwenye mstari hadi dakika ya mwisho. Barafu ikiyeyuka maji yanateremka mgongoni, na hiyo nayo ni faida.

Ila iheshimu kwa tahadhari. Shingo ikipoa, mwili mzima unajihisi umepoa, ilhali joto la ndani huenda halijashuka hata kidogo. Mafuta na dawa zenye mintholi ni vivyo hivyo, zinadanganya ngozi tu. Soksi ni nyongeza ya uji na taulo. Ikiwa peke yake inaweza kumfanya mtu akimbie kwa kasi ambayo mwili wake hauiwezi.

Kupasha misuli kwa kiasi

Hakuna maana ya kupoza mwili dakika thelathini kisha kuupasha dakika thelathini. Siku ya joto, dakika 10 zinatosha kwa mkimbiaji wa masafa marefu: jogi nyepesi kivulini, kunyoosha viungo kwa mwendo, na michapuko, yaani mikimbio mifupi ya kasi, mitatu au minne ya mita 60 hadi 80. Jaketi libaki kwenye begi. Mafuta mazito ya kujipaka yaishie mapajani na makwapani ambako ngozi husuguana. Ukijipaka mwili mzima unalizuia jasho lisikauke.

Tuseme mbio zinaanza saa tatu asubuhi. Saa mbili kamili uwe umeshafika na umekaa kivulini, umekunywa maji ya kawaida kiasi cha kiu yako. Saa mbili na robo anza kumeza uji, taulo likiwa mwilini au mikono ikiwa kwenye beseni. Saa mbili na dakika 35 inuka, funga soksi shingoni, pasha misuli hadi saa tatu kasorobo. Rudi kivulini, malizia uji, jifunike taulo tena dakika nane au kumi, na nenda msalani. Zikibaki dakika tano lowesha kofia na fulana, nenda kwenye mstari. Soksi itoe pale pale.

Tatizo ni kwamba mbio za barabarani kwetu mara nyingi hazianzi saa iliyoandikwa. Mgeni rasmi hajafika, hotuba bado, na wakimbiaji mia kadhaa wamesimamishwa juani nyuma ya utepe. Nimeona wanariadha walioandaliwa vizuri wakiharibiwa na hotuba. Wenye kuandaa mashindano wangewahurumia vijana hawa, hotuba zikangoja hadi mwisho. Lakini kwa kuwa huwezi kuliamua hilo, beba uji wa ziada, gramu 150 au 200, na soksi ya pili. Mwenzako asimame kando ya mstari na ndoo. Ukisikia kuna kuchelewa zaidi ya dakika kumi, toka, rudi kivulini, taulo mwilini. Nafasi ya mbele utaipata tena ndani ya kilomita moja, lakini baridi uliyoipoteza juani huwezi kuirudisha ukiwa unakimbia.

Ukishaanza

Utajisikia mwepesi kupita kawaida, na hapo pana hatari. Kasi unayoiona rahisi kwenye kilomita ya kwanza si kasi yako ya siku hiyo. Amua kasi yako jana yake kwa kuzingatia joto, ishike hadi kilomita ya tatu hata wakikuacha, na umwagie maji kichwa na mikono kila kituo. Kwenye nusu marathoni na marathoni, kujipoza mwanzoni kunakwisha mapema, kwa hiyo pokea barafu njiani, iweke chini ya kofia au ndani ya fulana. Unayekimbia mchana, ujue upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Kwenye mazoezi anza kwa kuliacha ziwa mgongoni, ili ukirudi umechoka na una moto upepo ukupige usoni.

Na usijipoze kila siku. Mwili huzoea joto kwa kukutana nalo: kukimbia kwa kiasi kwenye joto siku 10 hadi 14 huuongezea uwezo wa kutoa jasho mapema na kwa wingi. Anayetoka nyanda za juu ashuke mapema kama anaweza, au angalau atumie saa za mchana kwa baadhi ya mbio zake nyepesi. Barafu iwekwe kwa mashindano, kwa mazoezi makali machache, na kwa jaribio moja au mawili ya kuona tumbo linasemaje.

Mtu akianguka

Dalili za hatari ni kuyumba, kujibu ovyo, kusisimkwa na baridi ilhali jua linawaka, kutapika, kichwa kuuma sana. Usingoje jasho likatike. Mkimbiaji anaweza kuwa amelowa jasho na bado ana kiharusi cha joto. Akichanganyikiwa, chukulia kwamba maisha yake yako hatarini.

Mpoze pale pale. Hata kama mko Kondele, karibu kabisa na hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wenyeji huiita Russia, anza kumpoza huku mwingine akitafuta gari. Mtoe juani, mvue nguo za juu, mwagie maji ya ile ndoo bila kukoma, mataulo ya barafu mwili mzima na kuyabadilisha, chupa zilizoganda shingoni, makwapani na kwenye nyonga. Kama kuna beseni kubwa au pipa, mketishe ndani huku mtu akimshikilia kichwa. Hapa hakuna tena habari ya kulinda misuli. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua, na garini aendelee kupozwa. Asipewe kinywaji akiwa hajitambui vizuri, asije akapaliwa. Asipewe dawa za kushusha homa, kwa sababu joto hili halishuki kwa vidonge.

Akipata nafuu ataomba aachwe aende nyumbani. Apelekwe hospitali hivyo hivyo, maana figo na ini huweza kuonyesha madhara siku ya pili, na asirudi mazoezini hadi daktari amruhusu.